Kusaka midoli ukiwa safarini: Guangzhou, Ujerumani au Tokyo?

Ndugu zangu wakisikia nasafiri, orodha huanza: simu, marashi, viatu. Ya mpwa wangu ilikuwa fupi. "Shangazi, niletee mdoli mweusi kama mimi, mwenye nywele za kusuka." Alikuwa na miaka sita. Nikadhani ni kazi ya nusu saa kwenye duka la uwanja wa ndege. Ilinichukua safari tatu, na tangu hapo nimeshikwa na ugonjwa: popote nikitua, hata kama nimekwenda kwa shughuli nyingine kabisa, lazima niulize mtaa wa vichezeo uko wapi.

Sasa naulizwa mimi. Mtu ana safari moja na begi moja, pesa ni ya kuhesabu: anunue wapi? Nitalinganisha sehemu tatu nilizozitembea kwa miguu, yaani Guangzhou kule China, Ujerumani (nikianzia Nürnberg) na Tokyo. Dubai nitaigusa kwa sababu wengi wetu tunapita pale tupende tusipende.

Kabla ya yote, amua unamnunulia nani. Mdoli wa kuchezewa, wa kuwekwa kabatini na wa kuuzwa ni vitu vitatu tofauti, na hakuna mji hata mmoja unaoviweza vyote vitatu vizuri. Wengi wanaorudi wamenuna walinunua kitu kizuri mahali pasipo pake.

Guangzhou: mtaa wa samaki wakavu na midoli

Mtaa unaitwa Yide Lu, upo upande wa mji wa kale, na treni ya chini ya ardhi, njia namba 6, ina kituo chenye jina hilohilo. Ukipotea, tafuta minara miwili ya kanisa kuu la Wakatoliki, la mawe matupu, lililokamilika mwaka 1888. Ila hupotei, maana pua inafika kabla ya macho. Sehemu kubwa ya mtaa ni maduka ya vitu vya baharini vilivyokaushwa, magunia ya kamba, ngisi na samaki wakavu kama ubao. Mtu wa Mwanza au Kigoma harufu ile haimbabaishi. Ukisogea kidogo magunia yanakwisha, yanaanza madubu ya manyoya, magari ya rimoti na midoli iliyotundikwa kwa mafungu kama ndizi. Jengo la kuingia ni Onelink, ghorofa juu ya ghorofa za vibanda.

Kila kitu rafuni kina kijikaratasi. Mgeni anatafuta bei, na mara nyingi bei haipo. Kilichoandikwa ni namba ya bidhaa, idadi ya vipande kwa katoni, na ukubwa wa katoni yenyewe, kwa sababu usafiri wa meli unalipia ujazo. Ndiyo lugha ya pale.

"Dada, hapa huulizi bei ya kimoja," aliniambia kijana wetu mmoja anayesafirishia watu mizigo, mzaliwa wa Tanga, aliyekubali kunisindikiza. "Ukiuliza ya kimoja wanajua umekuja kutembea."

"Lakini mimi nataka kimoja, mdogo wangu."

"Basi beba katoni. Hivyo ishirini na vitatu vitakavyobaki utapeleka Kariakoo."

Nikabeba. Guangzhou ndivyo inavyomfanya mtu: unaingia shangazi, unatoka mfanyabiashara.

Machoni midoli ilikuwa mizuri. Ngozi nyeusi ya kung'aa, kigauni cha kitenge, nywele hadi mabegani. Nyumbani mpwa wangu akachukua kitana. Mara ya tatu kuchana, kishungi kizima kikabaki kwenye kitana. Alipotenganisha nywele asuke twende kilioni, tukaona wote wawili: nywele zilikuwa zimeshonwa kuzunguka pembeni tu, utosini upara. Hakulia. Alimfunga kilemba, akasema anaumwa.

Tangu siku ile sinunui mdoli wa nywele kabla ya kufanya mambo mawili. Natenganisha nywele utosini kwa kidole nione mashimo yamekaribiana kiasi gani, kisha navuta kishungi kidogo, taratibu lakini kwa nia. Wauzaji wa Yide Lu hawakasiriki, wanakupa hata kiti. Ujerumani wanakuangalia tu. Tokyo, ambako boksi limefungwa na kufungwa tena, watakukatalia kwa adabu na kuinama.

Kuhusu usalama, kuna jambo wengi hawalijui. China ina alama yake ya lazima, CCC, ambayo midoli inayouzwa ndani ya nchi inatakiwa iwe nayo. Mali ya kusafirishwa nje haibanwi na sharti hilo, kwa hiyo kibanda cha jumla kinaweza kukuuzia kitu kisicho na alama yoyote na kisiwe kimevunja utaratibu wao. Uliza kama bidhaa hiyohiyo inatengenezwa kwa soko la Ulaya, kwa sababu huko ni lazima iwe na alama ya CE, na kemikali zinazolainisha plastiki zimewekewa mipaka mikali. Itapanda bei kidogo. Lipa. Na kama mdoli unalia au unaimba, geuza uangalie mgongoni: kifuniko cha betri lazima kifungwe kwa skrubu. Zile betri ndogo za mviringo kama kifungo, mtoto akimeza, ni hatari ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Halafu kuna Labubu, mdoli wa kijizimwi cha manyoya chenye meno, ambaye sasa hata waliokuwa hawajui mdoli ni nini wanamtaka. Alichorwa na msanii Kasing Lung mwaka 2015, na kampuni ya Pop Mart ya Beijing ilianza kumtoa mwaka 2019. Uzuri wa China ni kwamba maduka rasmi yapo. Ubaya ni kwamba feki wamejaa kiasi cha kupewa jina lao, Lafufu. Kipimo cha haraka ni kuhesabu meno: halisi ana tisa. Feki wa hali ya juu wamejifunza kuhesabu pia, kwa hiyo angalia na msimbo wa kukwangua kwenye boksi. Mwenye kukuuzia halisi kwa robo ya bei dukani amekupa jibu mwenyewe.

Wenye mtaji mkubwa zaidi wataniuliza kuhusu Yiwu, mji wa China wenye soko kubwa la jumla. Ndiyo, ile International Trade City ni kubwa kuliko chochote utakachokiona Guangzhou, na vichezeo viko Wilaya ya 1, ghorofa ya chini. Ila kama hujaja kujaza sehemu ya kontena, utachoka miguu bure. Viwanda vyenyewe kwa kiasi kikubwa viko Chenghai, huko Shantou, na huko ni kwa aliyekwisha kujua anataka nini.

Ujerumani: usiishie Nürnberg

Kosa langu la kwanza lilikuwa la tarehe. Nilisoma kwamba Nürnberg ndiko kwenye maonyesho makubwa ya vichezeo duniani, Spielwarenmesse, yanayofanyika tangu 1950, mwisho wa Januari kuingia Februari. Nikafunga safari. Mlangoni nikaambiwa ni ya watu wa biashara hiyo tu, wenye uthibitisho. Mnunuzi wa mdoli mmoja hana nafasi. Wakati huohuo hoteli zote mjini zilikuwa zimepandisha bei kwa ajili ya maonyesho yaleyale niliyofungiwa nje. Kama una duka la vichezeo Nairobi au Dar, leta karatasi zako uingie. Kama huna, epuka wiki ile.

Nürnberg inafaa nyakati mbili. Ya kwanza ni soko la Krismasi, Christkindlesmarkt, kuanzia Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio hadi Desemba 24. Vitu viwili vya pale ni vyao hasa: malaika wa karatasi ya rangi ya dhahabu, na vijitu vilivyoundwa kwa plamu kavu, kichwa ni njugu ya jozi iliyochorwa uso. Hao wa plamu ni wepesi na bei inavumilika, na hakuna nyumba ya Kiswahili ambako wageni hawatauliza ni nini hicho. Watunze mbali na sisimizi.

Wakati wa pili, nao ndio ninaoupenda mimi, ni Trempelmarkt, mnada wa vitu vya kale na mitumba unaojaa mji wa kale mara mbili kwa mwaka, Mei na Septemba. Pale unapata magari ya bati, vichwa vya midoli vya kauri visivyo na mwili, na vijitu vya plastiki vya Playmobil kwenye ndoo, chagua mwenyewe. Playmobil ni mtoto wa nyumbani: kampuni yake ina makao Zirndorf, jirani kabisa na Nürnberg, na aliingia sokoni mwaka 1974. Bei inapatanwa, tofauti na madukani. Ukifika jioni wauzaji wanafunga meza, watakupa bei ya kutorudi na mzigo.

Siku ya mvua ingia jumba la makumbusho ya vichezeo, Karlstraße. Siyo kwa kununua. Ni kwa kuzoesha jicho, ili ukirudi sokoni ujue kitu cha mwaka 1910 kinafananaje na cha juzi kilichopakwa vumbi.

Lakini vitu ambavyo Ujerumani inasifiwa navyo haviko Nürnberg. Inabidi upande treni.

Dubu wa manyoya wa Steiff wanatoka Giengen, mji mdogo ambako Margarete Steiff, mwanamke aliyetumia kiti cha magurudumu tangu utotoni kwa sababu ya polio, alianzisha biashara mwaka 1880 kwa kushona vitembo vya kuchomekea pini. Dubu walikuja 1902, na kifungo cha chuma sikioni 1904. Kile kifungo ndicho kitambulisho. Chini yake kuna kitambaa kidogo: cha manjano ni dubu wa kawaida, cheupe ni toleo la idadi maalumu au nakala ya dubu wa zamani. Usikikate kamwe, hata mtoto akilalamika kinamkuna. Dubu asiye na kifungo wala kitambaa ameshuka thamani hata kama ni yuleyule. Giengen kuna makumbusho na duka la kiwanda, na wanapokea dubu wagonjwa kuwatengeneza, jambo ambalo sijaliona Guangzhou wala sitegemei kuliona.

Wanasesere wa Käthe Kruse walijipatia jina Donauwörth. Uso unapakwa rangi kwa mkono, na bei yake itakufanya ukae chini. Seiffen, kule milima ya Erzgebirge karibu na mpaka wa Czech, ni kwa mpenzi wa mbao. Wachimba madini ya bati wa huko, madini yalipopungua, waligeukia useremala wa kukereza. Kazi yao moja lazima uione kwa macho. Fundi anakereza gogo bichi liwe pete nene, yenye mabonde na vilima ambavyo havieleweki. Kisha anaipasua pete kwa kisu, kipande kwa kipande, kama anakata mkate. Kila kipande kinachoanguka kinakuwa ng'ombe. Au tembo. Pete moja inazaa kundi zima, na yeye wakati wote alikuwa akichonga mnyama asiyemwona. Tembo wale wa kidole kimoja hawana uzito begini, na watoto wanacheza nao.

Ila kwa mdoli mweusi wa mpwa wangu, jibu lilikuwa eneo la Coburg. Mji wa Rödental una majina mawili: Götz, watengenezaji wa midoli tangu 1950, na Zapf Creation, wenyewe wa Baby Born tangu 1991. Wote wametoa midoli ya ngozi nyeusi. Sikuhitaji kwenda Rödental; mdoli nilimkuta kwenye duka la watoto la kawaida katikati ya Nürnberg. Nikatenganisha nywele utosini, mashimo yamebanana kama mshono wa kofia ya Lamu. Muuzaji akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hapana, ndiyo kwanza tatizo limekwisha. Bei yake ilizidi ile katoni nzima ya Guangzhou.

Mbili za haraka: Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo usipange kuondoka Jumatatu alfajiri ukitegemea kununua jana yake. Na kama huishi Umoja wa Ulaya, risiti inayozidi euro 50 inakupa haki ya kudai kodi, ambayo kwa vichezeo ni asilimia 19 iliyokwisha kuongezwa kwenye bei (wakala wa kurejesha atakata chake). Karatasi igongwe muhuri na forodha uwanjani, na bidhaa uwe nayo mkononi. Nimewahi kuwaona watu wameshakabidhi begi kwanza, kisha wanaonyesha karatasi tupu. Hawakugongewa.

Tokyo: mahali pa msakaji

Kama Guangzhou ni ghala na Ujerumani ni kiwanda, Tokyo ni kabati la mtu mwenye wivu na vitu vyake.

Anzia Nakano. Kutoka Shinjuku ni dakika chache kwa treni ya Chuo. Toka mlango wa kaskazini, pita kichochoro cha maduka chenye paa, mwisho wake kuna jengo la mwaka 1966 liitwalo Nakano Broadway. Nje linafanana na jengo lolote la zamani. Ndani, duka la Mandarake, lililoanza humo mwaka 1980 likiuza vitabu vya katuni vya mitumba, limetapakaa vyumba vingi kwenye ghorofa kadhaa, kila chumba na mambo yake: kimoja roboti za bati, kingine midoli, kingine vitu vya zawadi za vyakula vya miaka ya sabini. Usiende asubuhi, wanafungua saa sita mchana.

Kinachoitofautisha Tokyo na miji mingine ni ukweli wa maandishi. Kitu cha mtumba kimewekewa karatasi inayotaja kila dosari: mkono wa kushoto umelegea, pembe ya boksi ina mkunjo, kiatu kimoja hakipo. Jifunze maneno matatu kabla hujapanda ndege. *Mikaifu* ni kitu ambacho hakijafunguliwa. *Keppin* ni kwamba kuna kipande kimepungua. *Janku* maana yake umenunua kama kilivyo, malalamiko bakia nayo. Mengine kamera ya simu itakutafsiria. Kule kwetu "mtumba grade A" ni imani. Kule ni maelezo. Bei haipatanwi, na ukijaribu utamfanya muuzaji aone haya kwa niaba yako.

Akihabara, mtaa mwingine wa Tokyo, wengi wanaikimbilia kwanza. Mimi naiweka ya pili. Bei zake zimezoea watalii, lakini jengo la Radio Kaikan lina kitu kimoja cha kufurahisha: vikabati vya kioo vinavyokodishwa kwa watu binafsi. Kila kikabati ni duka la mtu usiyemwona, na bei kaweka yeye. Mmoja anauza kwa bei ya kichaa, anayefuata anauza kitu hichohicho kwa nusu. Tembea zote kabla hujaita mhudumu mwenye funguo.

Midoli ya kisasa ya Japani ina historia inayofaa kujulikana kabla ya kutoa pesa. Barbie wa kwanza, mwaka 1959, alitengenezwa Japani ingawa ni Mmarekani. Kampuni ya Takara ya huko ikatoa wake, Licca, mwaka 1967, mwenye mwili mdogo na uso wa kitoto. Blythe, yule wa kichwa kikubwa mwenye macho yanayobadilika rangi kwa kuvuta uzi, alitolewa Marekani na kampuni ya Kenner mwaka 1972, akauzwa mwaka mmoja akadoda. Wajapani walimfufua 2001. Ndiyo sababu Blythe wa 1972 na Blythe wa leo, wanaofanana kwa mbali, wana bei za sayari mbili. Ukiambiwa "wa zamani", uliza wa mwaka gani.

Upande wa jadi, nenda Asakusabashi. Duka la Yoshitoku lipo tangu 1711 na la Kyugetsu tangu 1835, na Januari hadi Februari madirisha yao yamejaa wanasesere wa Hina, mfalme na malkia na wahudumu wao kwenye ngazi zenye kitambaa chekundu, kwa ajili ya sikukuu ya wasichana ya Machi 3. Wanasema ukichelewa kuwatoa baada ya sikukuu, binti atachelewa kuolewa. (Mama yangu aliposikia hivyo aliniuliza kama nami nilipata kuwaacha mezani.) Seti kamili haibebeki na bei yake ni ya kiwanja. Nunua wawili wa juu tu, au watazame.

Cha kubebeka ni kokeshi, wanasesere wa mbao wa kaskazini, mkoa wa Tohoku, wasio na mikono wala miguu. Ni kichwa cha mviringo, kiwiliwili na maua yaliyochorwa. Wa Naruko ana siri: ukizungusha kichwa, analia *kii, kii*, kama kifaranga. Sauti inatokana na jinsi kichwa kilivyobanwa shingoni kwa nguvu wakati mbao inakerezwa. Wa kuigiza halii. Kwa hiyo pale Tokyo dukani, ukiruhusiwa kumshika, mzungushe kichwa.

Na kwa wenye pesa ya mfukoni: mashine za gashapon. Unatia sarafu za yeni 100, mara nyingi tatu hadi tano, unazungusha, kinaanguka kiduara chenye kichezeo. Ikebukuro kuna duka lenye mashine zaidi ya 3,000. Zawadi za ofisi nzima zinapatikana pale, zinaingia kwenye soksi. Lakini hujui utapata nini, na mikono ya mtu mzima ikishazoea ile roda, mshahara unakwenda.

Onyo moja kwa mtu wa pwani. Midoli ya zamani ya plastiki laini, inapokaa kwenye joto na unyevu, hutoa jasho la mafuta, inanata. Wajapani wataandika kwenye karatasi kama mnato umeanza. Kama umeanza Tokyo, fikiria itakuwaje Mombasa mwezi wa tatu. Acha. Na ukikutana na mdoli wa kale mwepesi mno, mgumu na mwembamba kama ganda la yai, sugua kwa kidole gumba hadi upate joto, kisha nusa. Ukisikia kafuri, hiyo ni seluloidi, inashika moto kama karatasi. Ni ya kabati la mkusanyaji, mtoto asiiguse.

Kodi ya Japani ni asilimia 10. Mgeni mwenye pasipoti halisi yenye muhuri wa kuingia huondolewa papo hapo akinunua kuanzia yeni 5,000 duka moja siku moja, lakini utaratibu huo umepangwa kubadilika kuanzia Novemba 1, 2026: utalipa yote, urudishiwe ukiondoka baada ya forodha kukagua.

Ukiviweka pamoja

Kwa bei ya kipande, Guangzhou haina mshindani, mradi unanunua katoni. Ukinunua kimoja kimoja kwenye maduka ya kawaida ya mjini, tofauti yake na Kariakoo haistahili nauli. Na hesabu meli: mwezi na kitu, mara nyingi zaidi, kwa hiyo mzigo wa Krismasi unaagizwa wakati watu wanakula futari au wanalima, si Novemba.

Kwa kuaminika, Tokyo inashinda vitu vya mtumba na Ujerumani inashinda vitu vipya. Guangzhou uaminifu unaujenga wewe kwa kufungua katoni mbele ya muuzaji, kuchomoa kipande cha chini kabisa badala ya kile cha juu, na kupiga picha.

Kwa uzito, hapa ndipo watu wanapokosea. Dubu wa manyoya anaonekana mwepesi lakini anakula begi zima. Mbao za Seiffen, kokeshi na gashapon ndizo rafiki wa begi la kilo 23. Mdoli wa kauri beba mkononi, umezungushiwa kanga. Boksi lake likunjue liwe bapa uweke chini ya begi, kwa sababu mkusanyaji atalitaka. Bastola ya kuchezea usiipeleke ndani ya ndege hata kama ni ya plastiki ya kijani. Betri za lithiamu za akiba, kinyume chake, zinakaa kwenye begi la mkononi. Na ukirudi na vipande kumi na viwili vinavyofanana, afisa wa forodha hataamini una wapwa kumi na wawili, hata kama ni kweli unao.

Dubai? Dragon Mart, iliyofunguliwa 2004, ni Guangzhou iliyokusogelea: mali ileile, bei imeongezwa, lakini huhitaji viza ya China wala mkalimani, na Kiswahili utakisikia ukikaa dakika kumi. Kwa mwenye duka dogo Zanzibar anayetaka katoni mbili tatu, hesabu inaweza kumtoka vizuri. Kwa shangazi mwenye mpwa mmoja, kitu pekee ninachoona kina maana kununua huko ni Fulla, mdoli wa Kiarabu aliyetoka 2003, mwenye abaya na mtandio. Kwetu pwani wasichana humpokea kama jirani.

Na kama safari yako ni Johannesburg tu, usijione umekosa. Midoli ya shanga ya Wandebele inalinganishwa na chochote nilichokitaja hapa kwa kazi ya mkono, na haivunjiki.

Kwa hiyo: una duka, nenda Guangzhou, na uwe na mtu wa mizigo unayemjua kabla hujatua. Unataka kitu kimoja ambacho bintiyo atampa bintiye, subiri safari ya Ujerumani, nenda na jina la kitu kichwani, usiende kuzurura. Wewe mwenyewe ndiye mtoto, na unapenda kutafuta kuliko kupata, basi ni Tokyo, siku tatu zisizo na ratiba, na viatu vya kutembelea. Mimi ningeambiwa nichague moja tu ningechagua Nakano, ingawa mdoli niliotumwa haukutoka huko.

Yule wa Ujerumani bado yupo, nywele zote kichwani, sasa anasukwa na mdogo wake mpwa wangu. Mwenyewe amefikisha kumi na mbili na ameacha mambo ya midoli. Ndivyo alivyosema. Wiki iliyopita nilipomwambia nasafiri tena, alinitumia ujumbe wa neno moja: Labubu. Nimemjibu kwamba nitaanza kwa kuhesabu meno.